Siku za mwezi zikikukuta safarini

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)



Mada ya leo inawahusu akina mama na mabinti. Lakini akina baba, naomba msitoke nje, wala msibadilishe stesheni. Nusu ya mambo nitakayoyasema hayawezekani bila ninyi, na mtaona ni kwa nini.

Leo tunazungumzia hedhi. Wengine tunasema siku za mwezi, wengine tunasema kwenda mwezini. Tutazungumzia hedhi inapomkuta mtu akiwa safarini: ndani ya basi la msafara, ndani ya boti ziwani, kwenye kituo cha kulala usiku mmoja, au hata ndani ya ndege.

Najua kuna mzee amekunja uso sasa hivi. Anasema mambo haya ni ya mama na binti yake, ya jikoni, siyo ya redio. Mzee wangu, nakuheshimu. Zamani palikuwa na shangazi na bibi wa kumfundisha binti. Lakini leo kuna binti hapa kambini ambaye bibi yake alibaki Fizi, shangazi yake yuko Uganda, na mama yake hayupo duniani. Huyo atafundishwa na nani? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndiyo maana tunazungumza.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na jambo tunalolijua wote: sisi ni watu wa safari. Wapo waliovuka Ziwa Tanganyika kwa boti mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Wapo wanaokumbuka mwezi wa Mei 2015 pale Kagunga, maelfu ya watu kwenye ufukwe mwembamba, wakisubiri meli ya Liemba iwafikishe Kigoma, na kutoka pale wapande mabasi kuja Nyarugusu. Vyoo havikutosha, maji safi hayakutosha, na kipindupindu kikaingia. Katika umati ule walikuwemo wanawake na wasichana wengi sana. Mwili wa mwanamke hausubiri meli. Siku ikifika, imefika.

Na safari hazijaisha. Kuna wanaorudi nyumbani Burundi kwa msafara. Kuna wanaopelekwa hospitali kubwa nje ya kambi. Kuna wanaoitwa kwenye usaili wa kuhamia nchi ya tatu, na wanaopanda ndege. Kila safari kama hizo ina wanawake ambao siku yao inaangukia hapohapo.

Asipojiandaa, hutokea nini? Anaweza kukaa na kitambaa kimoja tangu alfajiri mpaka usiku. Ngozi ya mapajani inachubuka. Anakataa kunywa maji ili asihitaji choo, na jioni kichwa kinamuuma. Akichafua nguo, anabaki amekaa kwenye kiti wakati wenzake wameshuka kula. Na wengine huamua kuacha safari yenyewe. Fikiria mtu ambaye jina lake limeitwa baada ya kusubiri miaka, halafu anaikosa siku ile kwa sababu ya damu ambayo kila mwanamke anaijua. Hilo ndilo tunalotaka lisitokee.

(Muziki mfupi.)

Jambo la kwanza: hesabu siku zako.

Chukua daftari la mtoto au kalenda ya ukutani. Siku damu inapoanza, weka alama. Mwezi unaofuata, weka tena. Hesabu kutoka alama ya kwanza hadi ya pili. Kwa wanawake wengi ni kati ya siku 21 na 35. Damu yenyewe hukaa siku 2 hadi 7. Ukiwa na alama za miezi 3, utaweza kukisia siku ya safari itaangukia wapi.

Lakini usiitegemee hesabu peke yake. Kwa wasichana wanaoanza, siku huwa zinarukaruka. Na mwanamke yeyote, akiwa na mawazo mengi, akila kidogo, akilala vibaya, hedhi inaweza kuwahi, kuchelewa au kuruka mwezi mzima. Wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango nao wanajua damu yao haifuati kalenda. Kwa hiyo hata kama hesabu inasema bado wiki 2, beba vifaa.

Jambo la pili: utabeba nini, na kiasi gani?

Pedi au kitambaa kinatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na mapema zaidi kikilowa. Tupige hesabu. Siku moja ina saa 24. Ukibadilisha kila saa 6, unahitaji 4 kwa siku. Safari ya siku 2 ni 8. Ongeza 2 za akiba, kwa sababu basi huharibika na mpaka huchelewa. Jumla ni 10. Na kama damu yako ni nyingi siku za mwanzo, ongeza tena. Ukinunua pakiti dukani, angalia idadi iliyoandikwa, maana pakiti moja inaweza isikufikishe.

Kama una pedi za kufua, zile zinazotolewa kwenye mgao wa akina mama, hakikisha zote ni kavu kabla ya siku ya kuondoka. Anza kuzifua mapema, maana msimu wa mvua hapa Kigoma nguo hukauka kwa shida.

Kama huna pedi, kitambaa kinafaa kabisa, mradi kiwe safi. Chagua pamba iliyochakaa: shuka kuukuu, fulana kuukuu, khanga iliyofuliwa mara nyingi. Kitenge kipya ni kizuri kwa harusi, lakini hakinyonyi maji vizuri. Kata vipande, kunja mara kadhaa, shona pembeni kwa mkono ili kisifunguke. Kama huna chupi, shona mkanda wa kitambaa wa kufunga kiunoni, kisha funga kitambaa mbele na nyuma kwa kamba ndogo. Vipande vya godoro, majani, majivu, au karatasi ngumu ya daftari usitumie. Vinakwaruza, vinabomoka, na vinaingiza uchafu.

Wapo wanaotumia kikombe cha hedhi, kile cha mpira laini kinachowekwa ndani. Kinaweza kukaa hadi saa 12, kwa hiyo kinasaidia sana safarini. Lakini kinataka mikono safi, na kichemshwe kila hedhi inapokwisha. Kama hujawahi kukitumia, siku ya safari siyo siku ya kujaribu. Jifunze miezi 2 kabla, ukiwa nyumbani.

Sasa orodha ya mfuko wako mdogo. Sikilizeni vizuri, anayeweza kuandika aandike. Pedi au vitambaa kwa hesabu tuliyopiga. Chupi 2 za kubadilisha. Khanga moja ya rangi nzito. Kipande cha sabuni. Chupa ya maji ya kunawia, tofauti na ya kunywa. Karatasi laini au gazeti la kufungia. Vidonge vyako vya maumivu, kama unavitumia. Na kopo lenye mfuniko.

Kopo la nini? La kuwekea kitambaa kilichotumika, mpaka utakapofika penye maji. Zamani tungesema mfuko wa plastiki. Lakini Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, usije ukasumbuliwa kwa ajili hiyo. Kopo la siagi au ndoo ndogo yenye mfuniko inafanya kazi vizuri zaidi. Haivuji, haitoi harufu, na hakuna anayejua kuna nini ndani.

Na huu mfuko mdogo, mama, unakaa na wewe. Usiufungie ndani ya mizigo mikubwa. Mnajua kwenye misafara mizigo mara nyingi hupakiwa kwenye lori lake, na watu kwenye basi lao. Lori likishaondoka, hulioni tena mpaka jioni. Ukipanda ndege ni vilevile: begi kubwa huchukuliwa mlangoni na utalipata mwisho wa safari.

(Muziki mfupi.)

Jambo la tatu: ukiwa njiani.

Vaa kitu safi kabla ya kupanda, hata kama damu haijaanza lakini unaisubiri. Vaa nguo ya rangi nzito, na funga khanga juu yake. Khanga ina kazi nyingi: unaikalia, unaifunga kiunoni ukichafuka, na wenzako wanaikunjua iwe pazia pale ambapo choo hakina mlango.

Kunywa maji. Najua mnaogopa choo. Lakini asiyekunywa maji kutwa nzima kwenye joto la basi anaumwa kichwa, anapata choo kigumu, na anajiweka karibu na maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa kidogokidogo, na kila basi linaposimama, shuka, hata kama huna haja kubwa ya kushuka.

Nenda chooni na mwenzako. Mmoja ndani, mmoja mlangoni, halafu mnabadilishana. Usiku msiende peke yenu, na msiende porini mbali na taa.

Kunawa ni hivi. Nawa mikono kabla na baada. Sehemu za siri nawa kwa maji tu, kwa nje, kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni kali, dawa ya kuua wadudu na manukato usiingize ndani. Kuna wanaoamini kwamba mwanamke akioga maji baridi akiwa mwezini, damu itarudi tumboni. Haiwezekani. Kuoga ni salama siku zote za hedhi, na kunakupunguzia harufu na uchovu.

Ukitoa pedi ya dukani, ifunge kwenye karatasi na uitupe kwenye pipa la taka. Usiitupe kwenye choo cha maji, kitaziba, na watakaokuja baada yako watateseka. Kwa watakaopanda ndege: choo ni kile chumba kidogo sana, na ndani kina kijipipa ukutani au chini ya beseni. Pedi inaingia humo. Ukiwa umeishiwa, mwite mhudumu wa kike na umwombe. Mara nyingi wanazo, na hawashangai.

Ukifika penye maji, toa vitambaa kwenye kopo. Loweka kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa. Kisha fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe, na anika juani. Dada zangu, tunaona aibu, tunaanika chini ya godoro au nyuma ya chandarua. Kitambaa kisichopata jua hakikauki vizuri, na unyevunyevu unaleta muwasho. Kama huwezi kukianika wazi, kifunike juu kwa kitambaa kingine chepesi, lakini jua na upepo vipite.

Maumivu je? Maumivu ya tumbo la chini na mgongo ni ya kawaida kwa wengi. Chukua chupa, tia maji ya uvuguvugu, ifunge kwenye khanga, iweke tumboni. Kwa mtu mzima, parasetamoli za miligramu 500 ni vidonge 2 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 kwa siku. Mabinti wadogo waulize kipimo chao zahanati kabla ya safari. Dawa ya ibuprofeni inasaidia sana, lakini inywe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asiinywe.

Na kula, mama. Maharage, dagaa, sombe, mchicha: vyakula hivi vinasaidia mwili kurudisha damu.

(Muziki mfupi.)

Sasa dalili za hatari. Ukiziona, usinyamaze mpaka mfike. Mwambie muuguzi wa msafara, au kiongozi wa basi.

Pedi inalowa kabisa ndani ya saa 1, na nyingine tena ndani ya saa 1. Unatoa mabonge makubwa ya damu. Unaona kizunguzungu, au umezimia. Una homa na harufu mbaya isiyo ya kawaida. Wewe ni mjamzito na unatokwa damu, hata kidogo. Umejifungua karibuni na damu imeongezeka ghafla. Hizo zote ni sababu za kusimamisha gari.

Na kuna jambo jingine, nitalisema taratibu. Safari za kukimbia zina watu wabaya. Kama dada yeyote amefanyiwa ukatili wa kingono njiani, asisubiri kuona kama hedhi itakuja. Aende kituo cha afya haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia mimba zinafaa ndani ya siku 5, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Hata kama siku hizo zimepita, bado aende. Kosa ni la aliyetenda.

Vilevile, pedi za mgao ni bure. Mtu yeyote anayekuambia umpe pesa, au umpe mwili wako, ili akupatie pedi au kiti kwenye basi, huyo anatenda kosa. Katoe taarifa kwenye dawati la malalamiko, ofisi ya ulinzi, au kwa kiongozi wa wanawake unayemwamini.

(Muziki mfupi.)

Akina baba na kaka zangu, bado mpo? Asanteni.

Wewe dereva, na wewe kiongozi wa msafara. Mwanamke akisema, "Tunaomba kusimama," simama penye choo kilicho karibu. Usimuulize mbele ya watu ni kwa nini. Neno "kujisaidia" linatosha. Bora zaidi, kabla ya kuondoka, kila basi lichague wanawake 2 wa kusema kwa niaba ya wenzao. Binti wa miaka 13 hawezi kupaza sauti ndani ya basi lenye watu 50, lakini anaweza kumnong'oneza mama aliyekaa naye. Na vituo vijulikane mapema: tutasimama hapa, na hapa. Mwanamke akijua kwamba baada ya saa 3 kuna choo, atakunywa maji.

Wewe baba unayesafiri na mabinti peke yako. Mabinti wengi huanza hedhi kati ya miaka 10 na 15, na wengine huanza mapema, wakiwa na 9. Usingoje ianze ndani ya basi. Kama unaona vigumu kumwambia mwenyewe, mtafute mama jirani unayemheshimu azungumze naye kabla ya safari. Lakini kununua pakiti ya pedi na kuiweka ndani ya mfuko wake, hilo unaliweza. Siyo lazima useme neno. Ataelewa kwamba baba yake amemfikiria.

Ninyi wavulana mnaocheka mkiona doa kwenye sketi ya mwenzenu: hiyo damu ndiyo ishara ya mwili unaoweza kuzaa mtu. Mpeni shati lake afunge kiunoni, muendelee na safari.

Tusiwasahau wanaohitaji msaada zaidi. Mama asiyeona, dada mwenye ulemavu wa miguu, binti mwenye ulemavu wa akili. Kabla ya safari, familia imteue mtu wa kike wa kumsaidia, na wawili hao wakae kiti kimoja. Waambieni wanaopanga msafara mapema, ili jina lake na la msaidizi wake visitenganishwe kwenye mabasi mawili.

(Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka.)

Wasikilizaji, muda wetu unakwisha. Turudie kwa kifupi. Hesabu siku zako, lakini beba vifaa hata kama bado. Piga hesabu ya 4 kwa siku, na 2 za akiba. Mfuko mdogo ukae na wewe, usiende kwenye lori. Kopo lenye mfuniko usilisahau. Badilisha kila saa 4 hadi 6. Kunywa maji. Shuka kila basi linaposimama, na mwenzako. Dalili ya hatari, sema mara moja.

Kila mwaka tarehe 28 Mei ni Siku ya Hedhi Salama duniani, ilianza kuadhimishwa mwaka 2014. Walichagua 28 kwa sababu ya siku 28 za mzunguko, na Mei, mwezi wa 5, kwa sababu damu hukaa siku 5 hivi. Lakini sisi tusingoje Mei. Kama jirani yako ana tarehe ya kuondoka wiki hii, mpitie leo jioni, muulize: "Dada, mfuko wako mdogo umeshaufunga?" Na kama amepungukiwa kitambaa, mkatie nusu ya shuka lako.

Wenye maswali waandike kwenye karatasi na kutumbukiza kwenye sanduku letu la maoni, bila jina. Wasiojua kuandika wamwambie mhamasishaji wa afya wa zoni yao, atatuletea. Wiki ijayo tutajibu, na atakuwepo mkunga wa kunisaidia yale yanayonishinda.

Mimi ni mtangazaji wenu wa kipindi cha afya. Mlioko kambini, mbaki salama. Mlioko njiani, Mungu awatangulie, mfike salama.

(Muziki wa kufunga kipindi.)